Disleksia katika Kiswahili: kumtambua mapema mtoto anayesoma sahihi lakini polepole mno

Mtoto mwenye disleksia anayefundishwa kusoma kwa Kiswahili mara nyingi hatimaye husoma, na hilo ndilo linalomficha. Anafika Darasa la Tatu akitamka karibu kila neno sawasawa, ila sentensi moja inamchukua muda ambao wenzake wameshamaliza aya. Mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba hana bidii, mzazi anaongeza tuisheni, na kufikia Darasa la Tano mtoto mwenyewe ameshaamini kwamba hana akili. Dalili zilikuwepo tangu Darasa la Kwanza. Zingeonekana kama mtu angeshika saa, badala ya kuhesabu makosa peke yake.

Hapa tunaeleza namna shule ya kawaida inavyoweza kufanya upimaji wa awali wa kusoma kwa watoto wa madarasa ya chini: nini kipimwe, lini, kwa hatua zipi, na ni wapi kazi hii huharibika.

Kwa nini Kiswahili kinamficha

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kutambua maneno kwa usahihi na kwa kasi, pamoja na ugumu wa tahajia, kwa mtoto aliyefundishwa ipasavyo. Haina uhusiano na akili. Makadirio yanayotumika sana ni watoto 5 hadi 10 kati ya kila 100. Huenda katika familia: mtoto ambaye mzazi wake alihangaika kusoma yuko katika hatari kubwa kuliko mwenzake. Neno lenyewe lilibuniwa mwaka 1887 na Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Ujerumani, na kwa miaka mingi watu walidhani tatizo liko machoni. Utafiti wa miongo ya karibuni umelihamishia kwenye sauti. Kiini chake, kwa watoto walio wengi, ni ubongo kupata shida kuzishika sauti ndogo za lugha na kuziunganisha na herufi kwa wepesi.

Kiswahili kina irabu 5, na karibu kila herufi au jozi ya herufi ina sauti moja tu. Mtoto akishajua sauti za herufi na jinsi ya kuunga silabi, anaweza kulitamka hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Kiingereza hakiko hivyo. Herufi zilezile husomwa kwa namna nyingi, na mtoto mwenye disleksia hukosea waziwazi. Ndiyo maana vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya Kiingereza huhesabu zaidi maneno yaliyokosewa. Vikitafsiriwa tu kwa Kiswahili, humpitisha mtoto ambaye angepaswa kusimamishwa.

Heinz Wimmer wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, aliuonyesha ukweli huu kwa Kijerumani tangu miaka ya 1990: watoto wenye disleksia walisoma kwa usahihi wa kuridhisha, lakini kasi yao ilikuwa chini mno, na tahajia yao mbovu. Nchini Finland, ambako tahajia ni nyoofu kama ya Kiswahili, mradi wa Jyväskylä uliwafuata tangu kuzaliwa watoto ambao karibu nusu yao walikuwa na mzazi mwenye disleksia. Kabla hawajaanza shule, mambo matatu yalisaidia sana kutabiri nani angehangaika: idadi ya herufi alizozijua, wepesi wa kutaja vitu mfululizo, na uwezo wa kuchezea sauti ndani ya maneno. Hayo matatu, pamoja na kasi ya kusoma na imla, ndiyo msingi wa kipimo tunachokieleza.

Kupima awali si kutoa jina la tatizo

Upimaji wa awali humwambia mwalimu kitu kimoja tu: mtoto huyu aangaliwe kwa karibu. Hausemi ana disleksia. Walimu wengi huliruka jambo hili, kwa hiyo tulifanyie hesabu.

Tuseme shule ina watoto 200 wa Darasa la Kwanza, na kweli 14 kati yao wana disleksia. Tuseme pia kipimo ni kizuri: kinawanasa 8 katika kila 10 wenye tatizo, na kinawagusa kimakosa 15 katika kila 100 wasio nalo. Kitanasa watoto 11 kati ya 14 na kuwakosa 3. Kati ya wale 186 wengine, kitawagusa kama 28. Orodha ya mwalimu itakuwa na majina 39, na majina 28 kati ya hayo si ya disleksia. Wapo waliokosa shule, wapo wenye usaha masikioni, wapo ambao Kiswahili walikianzia shuleni, na wapo wanaohitaji wiki chache tu za kufundishwa kwa utulivu.

Mwalimu akiichukua orodha hiyo akawaita wazazi 39 na kuwaambia watoto wao wana disleksia, amewaumiza wengi bila sababu. Akiitumia kuwapa watoto 39 msaada wa wiki 8 kisha akawapima tena, hakuna aliyeumia, na wale 11 watajitokeza wenyewe kwa sababu watapanda polepole kuliko wenzao. Wale 3 waliokoswa nao wapo, ndiyo maana kipimo hurudiwa. Kadi ya kliniki hufanya kazi kwa mtindo huohuo: uzito wa siku moja hausemi mengi, mstari wa miezi ndio unaosema.

Kabla ya kipimo: macho, masikio na rejesta

Mambo haya huchukua asubuhi moja na huokoa kazi ya muhula mzima. Bandika chati ya herufi E ukutani, mwendo wa mita 6, mtoto azibe jicho moja na kuonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Kwa masikio, simama nyuma ya mtoto umbali wa mkono mmoja, mwambie azibe sikio moja, kisha nong'ona maneno ya silabi mbili ayarudie. Anayeshindwa, au anayetoka usaha, aende zahanati kwanza. Mtoto asiyesikia vizuri hukosea sauti zilezile anazokosea mtoto mwenye disleksia.

Kisha fungua rejesta. Mtoto aliyekosa theluthi ya siku za masomo hajafundishwa, kwa hiyo matokeo yake yawekwe pembeni mpaka afundishwe. Na kama zaidi ya theluthi moja ya darasa zima hawajui sauti za herufi baada ya miezi mitano ya masomo, usitafute disleksia bado. Hapo kinachohitaji kurekebishwa ni ufundishaji, vitabu au msongamano wa darasa. Upimaji wa mtoto mmojammoja una maana pale tu walio wengi darasani wanapiga hatua.

Lini

Mara tatu zinatosha. Ya kwanza ni wiki za mwanzo za Darasa la Kwanza, au mwisho wa elimu ya awali: sauti, herufi na kutaja haraka tu, kwa sababu kusoma hakujaanza. Ya pili ni katikati ya mwaka, kabla ya likizo ya Juni: herufi, silabi, maneno mafupi na imla. Ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni mwisho wa Darasa la Kwanza au mwanzo wa la Pili, ambapo kasi inaanza kuwatenganisha watoto. Kungoja hadi Darasa la Nne ni kuchelewa. Kwa wakati huo masomo yote yanadai mtoto asome ili ajifunze, na nchini Kenya lugha ya kufundishia nayo inahamia kwenye Kiingereza.

Hatua ya kwanza: imla kwa darasa zima

Darasa likiwa na watoto 90 na kila mmoja akapimwa peke yake kwa dakika 8, ni saa 12 za kazi. Hakuna mwalimu wa darasa mwenye saa hizo, na hapo ndipo mipango mingi mizuri hufa. Anza na imla, inayochukua dakika 15 kwa wote.

Chagua maneno 10 yanayopanda ugumu: *kuku, meza, sabuni, mbuzi, nyanya, chungwa, ng'ombe, mwalimu, anapika, walikwenda*. Tamka kila neno mara mbili, ndani ya sentensi fupi, kisha peke yake tena. Usilikate silabi kwa silabi, maana ukilikata umefanya nusu ya kazi ya mtoto. Watoto wakiwa wamebanana watatu hadi watano dawati moja, kunakili hakuepukiki, basi toa nusu ya darasa nje na ufanye kwa awamu mbili. Dawati ambalo wote wamekosea neno lilelile kwa namna ileile, wapime tena.

Kusahihisha kwa tiki na mkasi pekee kunapoteza habari. Andika aina ya kosa. Makosa matatu yanastahili jicho kali katika Kiswahili. La kwanza ni kudondosha sauti ya pua iliyo mbele ya konsonanti: *buzi* badala ya mbuzi, *chugwa* badala ya chungwa. La pili ni kumeza *w* au *y* ya katikati: *malimu*, *walikenda*. La tatu ni kupoteza silabi nzima au kuibadilishia mahali: *sanibu* badala ya sabuni. Mtoto anayeanza kuandika hufanya baadhi ya haya katika miezi ya kwanza. Anayeendelea nayo wenzake wakiwa wameyaacha ndiye wa kuangaliwa. Kugeuza *b* na *d*, ambako watu wengi hukuchukulia kuwa ndiyo alama ya disleksia, ni jambo la kawaida kwa watoto wa miaka 6 na 7 na peke yake halithibitishi kitu.

Theluthi ya chini ya imla, pamoja na mtoto yeyote ambaye mwalimu au mzazi ana wasiwasi naye, huenda hatua ya pili. Sasa ni watoto 30 kwa dakika 8: saa 4, zinazogawanyika katika siku nne.

Hatua ya pili: mtoto mmoja, meza moja, saa ya kupimia

Tafuta mahali penye utulivu. Chini ya mwembe panafaa kuliko kona ya darasa lenye kelele. Mtoto akae ubavuni mwako, asikuone unaandika. Saa ya simu inatosha, ila zima mlio. Mwambie huu si mtihani na hakuna alama ya darasani. Kila sehemu ianze na mifano miwili ya mazoezi, na usimsahihishe tena baada ya hapo.

*Sauti za maneno, kwa mdomo tu.* Toa maswali 10. "Neno samaki linaanza na sauti gani?" "Sema kalamu. Sasa sema bila ka." "Nikisema m, e, z, a, ni neno gani?" Watoto wa Kiswahili hushika silabi mapema, wa pwani hata huzichezea kwa kinyume, wakigeuza kitabu kuwa *bukita*. Kwa hiyo maswali ya silabi ni mepesi, na anayeshindwa hayo baada ya mifano ana dalili nzito. Ugumu wa kweli uko kwenye sauti mojamoja. Mtoto akijibu *sa* kwa samaki badala ya *s*, usimpe sifuri: weka alama ya pekee, kwa sababu amesikia silabi ila hajaichambua.

*Sauti za herufi.* Karatasi moja, herufi 100 zilizochanganywa, safu 10 za herufi 10, kwa sekunde 60. Weka pia *ch, sh, ny, ng'* na *dh*. Tunataka sauti, si jina la herufi. Mtoto akisema "be" kwa *b*, andika kwamba anajua jina, kisha mkumbushe mara moja tu kwamba unataka sauti. Akikaa sekunde 3 bila kujibu, onyesha inayofuata. Akikosa zote 10 za safu ya kwanza, simamisha kwa upole na uendelee na sehemu nyingine.

*Kutaja haraka.* Chora vitu vitano ambavyo kila mtoto wa eneo lenu anavijua na vyenye majina mafupi, kwa mfano paka, kisu, jicho, mti, taa. Virudie mara 10 kila kimoja bila mpangilio, jumla 50, katika safu 5. Hakikisha kwanza mtoto anavitaja vyote vitano bila kusita. Kisha avitaje mfululizo kutoka kushoto kwenda kulia, na uandike sekunde zilizotumika hadi mwisho. Hapa hakuna herufi hata moja, lakini katika lugha zenye tahajia nyoofu kipimo hiki kimeonekana kufuatana vizuri na kasi ya kusoma ya baadaye. Linganisha na wenzake wa darasa hilohilo. Usitumie viwango vya nchi nyingine, maana majina ya vitu kwa Kiswahili yana urefu tofauti na ya Kiingereza.

*Maneno yasiyo na maana.* Sehemu hii ndiyo inayomfichua mtoto anayekariri. Orodha ya maneno 50 kama *fupo, neki, zaluko, shimeto, mbopi, nyatufe*, sekunde 60. Kabla ya kuchapa, wape walimu wanaojua lugha za wenyeji waisome, ili lisije likatokea neno lenye maana, au tusi. England ilianza mwaka 2012 kipimo cha kitaifa cha namna hii kwa watoto wa miaka 5 na 6: maneno 40, nusu yake hayana maana, na kiwango cha kupita kikawekwa 32. Matokeo ya miaka ya mwanzo yalionyesha watoto wengi kupita kiasi wakipata 32 barabara, kwa kuwa walimu walikijua kiwango mapema. Kilipoacha kutangazwa kabla ya kipimo, hali hiyo ilipungua. Shule ikitumia upimaji wa awali kumhukumu mwalimu, hizo namba zimeshakufa.

*Kifungu.* Hadithi fupi ambayo haimo katika kitabu chochote wanachotumia, maneno kama 60, sekunde 60, kisha maswali 5 ya ufahamu. Andika kwa penseli kila neno lililokosewa na mahali alipofika saa ilipoita.

Hesabu ni rahisi: maneno sahihi, gawanya kwa sekunde, zidisha kwa 60. Mtoto aliyemaliza maneno 50 kwa sekunde 50 akakosa 6 ana 44 ÷ 50 × 60, yaani maneno 53 kwa dakika. Aliyesoma 18 tu kwa dakika nzima bila kukosa hata moja ana 18. Kwa kuhesabu makosa, wa pili ni bora. Kwa saa, yeye ndiye mwenye shida.

Tanzania iliweka lengo la maneno 50 kwa dakika kwa Darasa la Pili, na Kenya 45 kwa Kiswahili. Nchini Kenya lengo la Kiingereza ni 65. Tofauti hiyo haimaanishi Kiswahili kinadaiwa kidogo. Neno la Kiswahili ni refu: *hatutawakumbusha* ni neno moja lenye kazi ya sentensi nzima. Malengo hayo ni ya taifa, na si mpaka wa kumweka mtoto kwenye orodha. Kwa orodha, chukua wale walio katika asilimia 20 ya chini ya rika lao shuleni katika sehemu mbili au zaidi, hasa kutaja haraka, maneno yasiyo na maana na kasi ya kifungu zikienda pamoja.

Mahali kipimo kinapodanganya

Kuimba silabi. Katika madarasa mengi watoto huimba *ba be bi bo bu* kwa pamoja mpaka ukuta unajibu. Mtoto mwenye disleksia naye huweza kuimba pamoja na wenzake bila kuonekana ana shida. Mwonyeshe *bo* peke yake, kisha *bi*, na utaona anaanza kuimba chinichini tangu *ba* ili aifikie. Ndivyo ilivyo pia kwa anayekariri ukurasa wa kitabu: mwambie asome maneno ya mstari kuanzia la mwisho kurudi la kwanza. Anayesoma ataendelea, anayekariri atakwama.

Lugha ya nyumbani. Mtoto wa Kikuyu au Kikurya anayesema *r* mahali pa *l*, au mtoto wa Kikalenjin anayechanganya *p* na *b*, hajakosea kusoma. Amesoma kwa sauti za lugha yake. Kabla ya kuanza, msikilize akizungumza kwa dakika moja, kisha hesabu kuwa sahihi kila tamko linalolingana na mazungumzo yake ya kawaida. Katika imla kosa hilo liandikwe kando, lisijumlishwe.

Kuna pia mtoto anayesoma kwa kasi ya kupendeza na asijibu swali hata moja. Huyo si wa orodha hii. Msomee wewe kifungu kingine cha ugumu uleule, umwulize. Akishindwa hata hapo, anachohitaji ni Kiswahili chenyewe: msamiati, mazungumzo, hadithi za kusimuliwa. Akijibu vizuri anaposikiliza lakini anashindwa anaposoma mwenyewe, rudi kwenye kasi yake. Anayehangaika kutambua kila neno hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake.

Watoto wanaohudhuria madrasa hutupa shahidi wa pili, na inashangaza ni mara chache kiasi gani shule humwuliza. Ustadhi akisema mtoto amehifadhi sura nyingi kwa kusikia lakini herufi za Kiarabu hazimkai, na shuleni nako za Kiswahili hazimkai, basi shida inajitokeza katika maandishi ya aina mbili, mbele ya walimu wawili. Hilo lina uzito kuliko kipimo chochote cha dakika moja.

Mwisho, mpimaji mwenyewe. Walimu wawili wakimsikiliza mtoto mmoja hutofautiana, hasa kuhusu neno alilolikosea kisha akajirekebisha. Kubalianeni mapema: aliyejirekebisha mwenyewe ndani ya sekunde 3 amepata. Kabla ya kuanza kazi, wapimeni watoto watano wakiwa pamoja, kila mwalimu na fomu yake. Mkitofautiana zaidi ya maneno mawili matatu, rudini kwenye kanuni.

Baada ya orodha: wiki 8

Bila sehemu hii ni bora kutopima kabisa. Gawanya watoto wa orodha katika makundi ya 4 hadi 6 kufuatana na walipokwama, si kufuatana na jumla ya alama. Kundi likutane dakika 25 hadi 30, siku 4 kwa wiki, kwa wiki 8, wakati ambao si wa michezo wala wa chakula. Mtoto akinyimwa mapumziko ili asome atauchukia msaada wenyewe.

Kila kipindi kiende kwa mpangilio uleule: dakika 5 kurudia sauti za jana kwa kadi, dakika 5 kuunga na kutenganisha sauti kwa vifuniko vya soda, kifuniko kimoja kwa kila sauti, dakika 8 kusoma maneno yenye sauti mpya, dakika 5 kuandika machache kwa imla, na dakika zilizobaki kusoma sentensi. Sauti mpya zisizidi mbili kwa wiki. Kwa anayedondosha *m* na *n*, linganisha jozi: *goma* na *ngoma*, *paka* na *mpaka*, *buni* na *mbuni*. Asikie tofauti, aione, aiandike. Kwa wale walio sahihi lakini wazito, dawa ni kurudia: kifungu kifupi kilekile mara tatu au nne siku hiyo, kila mara kwa saa, na mtoto mwenyewe achore namba yake kwenye daftari.

Ijumaa pima dakika moja tu, kwa orodha mpya ya ugumu uleule. Baada ya wiki 8 utakuwa na namba 8 kwa kila mtoto. Aliyepanda na kuwakaribia wenzake anatoka kwenye kundi. Aliyepanda kidogo anaendelea wiki 8 nyingine katika kundi la watu wawili au watatu. Ambaye hakupanda, ingawa alihudhuria na wenzake wa kundi lilelile walipanda, ndiye wa kupelekwa kwa wataalamu.

Mzazi na rufaa

Zungumza na mzazi ana kwa ana, si mbele ya wazazi wengine siku ya kikao. Usimwite mtoto "mzito", na usitaje disleksia kabla ya mtaalamu. Mwonyeshe daftari la namba, kisha muulize: alichelewa kuongea? aliugua masikio akiwa mdogo? kuna ndugu, mzazi, mjomba au shangazi aliyehangaika kusoma? Swali hili la mwisho liulizwe kwa heshima, maana mzazi anayejibu huenda anajizungumzia mwenyewe. Kama ndivyo, usimpe kazi ya kumsomesha mtoto nyumbani kila jioni. Mwombe dada au kaka wa mtoto asome naye dakika 10.

Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu, maarufu kama EARC, vilivyoanza mwaka 1984, pamoja na taasisi ya elimu maalumu ya KISE jijini Nairobi. Tanzania ina vituo vya ESRAC vya upimaji na msaada wa kielimu, na chuo cha Patandi, Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Kutoka vijijini safari ni ndefu na nauli ni gharama, kwa hiyo mtoto asifike huko na barua ya mstari mmoja isemayo "hajui kusoma". Apelekwe na karatasi za imla zenye aina za makosa, namba za kila Ijumaa, majibu ya macho na masikio, mahudhurio, lugha ya nyumbani, na alichofundishwa katika hizo wiki. Nakala ya bahasha hiyo ibaki shuleni kwa mwalimu wa darasa linalofuata, ikiwa na maelekezo mafupi: asiitwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake bila kupewa kifungu siku moja kabla, katika sayansi na maarifa ya jamii asikatwe alama za tahajia, na penye maswali marefu asomewe, ajibu kwa mdomo. Akihamia shule nyingine, bahasha ihame naye, la sivyo mwalimu mpya ataanza tena kutoka sifuri.